Kuzingatia vikwazo vya kiuchumi: maana yake kwa anayefanya biashara nje ya Uganda

Uganda imewahi kuonja kikwazo cha kiuchumi kwenye kahawa. Oktoba 1978, Idi Amin akiwa bado Ikulu, Marekani ilitunga sheria ya kukataza biashara na nchi yetu. Wanunuzi wa Marekani ndio waliokuwa wakichukua karibu theluthi ya kahawa ya Uganda, kwa hiyo mlango mkubwa ulifungwa. Ulifunguliwa tena Mei 1979, Amin akiwa ameshakimbia. Baadaye na sisi tukaingia upande wa wanaofunga. Buyoya alipotwaa madaraka Burundi Julai 1996, Uganda, Kenya, Tanzania na majirani wengine waliiwekea nchi hiyo vikwazo, navyo vikasitishwa Januari 1999.

Vikwazo vya namna hiyo vilimkamata kila mtu, mwenye kosa na asiye na kosa. Vya siku hizi, vingi vyao, vina umbo jingine. Havifungi nchi, vinafunga jina: la mtu, kampuni, benki au meli. Jina likishaingia kwenye orodha, mali yake inazuiliwa na watu wanakatazwa kumuuzia, kumnunulia, kumkopesha au hata kumpokelea fedha. Kuzingatia vikwazo, basi, ni kazi ya kuhakikisha kabla mzigo haujapakiwa na kabla pesa hazijatumwa kwamba hakuna jina la namna hiyo katika biashara yako, mbele ya pazia wala nyuma yake. Ugumu uko hapo nyuma ya pazia.

Orodha zenyewe ni nyingi. Ya kwanza ni ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambayo Uganda kama mwanachama inafungwa nayo moja kwa moja. Chini ya Baraza hilo, mashariki ya Kongo ina vikwazo vya silaha tangu 2003, Sudan Kusini ina orodha ya watu tangu 2015 na marufuku ya silaha tangu Julai 2018. Ni kwa maamuzi ya Baraza hilo hilo kuhusu Korea Kaskazini kwamba Uganda ilitangaza Mei 2016 kuachana na ushirikiano wa kijeshi na Pyongyang, urafiki uliodumu miaka mingi. Halafu kuna orodha za Umoja wa Ulaya, za Uingereza, na ile inayotajwa kuliko zote, ya OFAC, ofisi ya vikwazo iliyo ndani ya Wizara ya Fedha ya Marekani.

Hapo mfanyabiashara wa Kikuubo huuliza, na ana haki ya kuuliza: mimi ni Mganda, duka langu liko Kampala, sheria ya Washington inanihusu nini?

Inamhusu kupitia dola. Chukua mwenye duka la matairi pale Kisenyi anayemlipa muuzaji wa Dubai dola 18,000. Anajaza fomu benki Jumatatu asubuhi, anapewa nakala ya malipo, swifti kama wengi wanavyoiita, anaipiga picha na kuituma WhatsApp. Kwa macho yake pesa zimetoka Kampala zimeenda Dubai. Kwa kweli zimepitia New York. Benki ya Kampala haina sanduku lake la dola huko Marekani. Ina akaunti katika benki mshirika ya huko, na benki hiyo ndiyo inayohamisha dola kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kompyuta yake inasoma kila neno kwenye ule ujumbe: jina la mtumaji, la mpokeaji, la benki, la meli ikitajwa, hata maneno ya sababu ya malipo. Likifanana na jina lililo kwenye orodha, pesa zinasimama.

Kufanana si kuwa mtu yule yule. Mohamed, Mohammed, Muhamad: jina moja, tahajia tatu, na wenye jina hilo ni mamilioni. Kwa hiyo ujumbe unarudi Kampala wiki hiyo: tunaomba tarehe ya kuzaliwa ya mpokeaji, uraia, anwani, na ankara ya mzigo. Wengi hukasirika na kuona wameonewa. Wengine, kwa kudhani wanarahisisha mambo, humwambia karani abadilishe herufi mbili tatu na kutuma upya. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika habari hii. Malipo yaliyosimamishwa kisha yakarudi na jina lililopindwa yanaonekana kama ukwepaji wa makusudi, hata kama matairi ni matairi tu. Benki ya BNP Paribas ya Ufaransa ilikiri makosa mwaka 2014 na kukubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa malipo ya Sudan, Iran na Cuba, na sehemu ya kosa lake ilikuwa kuficha majina yasionekane New York. Ukitumwa maswali, jibu kwa karatasi: nakala ya pasi ya mpokeaji, cheti cha usajili cha kampuni yake, ankara. Mara nyingi pesa hutembea baada ya hapo.

Sasa twende Elegu, kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nimule na Juba. Sudan Kusini haijafungiwa biashara. Unga, saruji, maharage, bia, vyote vinapita kila siku na hakuna orodha inayovikataza. Swali la pale si nchi, ni mnunuzi. Kampuni iliyoagiza saruji ina jina safi, huliona kwenye orodha yoyote. Lakini ni ya nani?

OFAC ina kanuni ya asilimia 50. Kampuni ikimilikiwa nusu au zaidi na watu waliofungiwa, nayo imefungiwa, hata kama jina lake halijaandikwa popote. Na hisa zao hujumlishwa: jenerali mmoja aliye kwenye orodha akiwa na asilimia 30 na waziri aliye kwenye orodha akiwa na 25, jumla ni 55, mlango umefungwa. Ulaya na Uingereza huenda mbele kidogo, huangalia pia nani anayeiendesha, ili mtu asijifiche nyuma ya hisa za shemeji. Kwa hiyo kutafuta jina la kampuni kwenye orodha na kuishia hapo ni nusu ya kazi. Omba orodha ya wenyehisa na wakurugenzi, kisha tafuta jina la kila mmoja. Hapa kwetu jambo hili lina sheria yake: marekebisho ya Sheria ya Makampuni ya 2022 yanazitaka kampuni zimwandikishe mmiliki wa kweli kwenye ofisi ya usajili, URSB. Mnunuzi wa nje akikuuliza nani mwenye kampuni yako, hakutukani.

Na haya hayatokei ng'ambo tu. Machi 2022 Marekani iliiweka African Gold Refinery ya Entebbe kwenye orodha yake pamoja na mfanyabiashara wa Ubelgiji Alain Goetz, ikidai biashara yao ilihusu dhahabu haramu kutoka Kongo. Anayenunua dhahabu Kampala tangu siku hiyo ana swali la ziada la kumuuliza muuzaji: imechimbwa wapi, imepita kwa nani.

Kuna pia bidhaa zenyewe. Redio za mawasiliano, ndege zisizo na rubani, darubini za usiku, vipuri vya magari ya kijeshi: hata mnunuzi akiwa msafi, uliza mzigo unaishia kwa nani. Bei nzuri mno kutoka kwa mtu asiyetaka kutaja mtumiaji wa mwisho si bahati.

Lakini niseme na upande wa pili, maana woga nao una hasara zake. Zipo benki zinazosikia neno Juba au Mogadishu na kufunga dirisha bila kusoma karatasi. Huko si kuzingatia vikwazo, ni uvivu. Baraza la Usalama lenyewe liliamua Desemba 2022 kwamba msaada wa kibinadamu usizuiwe na amri zake za kufungia mali. Ngano na mbolea za Urusi vilevile hazilengwi na vikwazo vya Marekani. Kinachomkwamisha mwagizaji mara nyingi ni benki ya muuzaji, kwa kuwa benki kubwa za Urusi, Sberbank na VTB, ziko kwenye orodha ya OFAC. Badala ya kuacha ngano, muulize muuzaji ana akaunti benki gani nyingine.

Kutafuta majina hakugharimu kitu. Orodha za Umoja wa Mataifa, Ulaya, Uingereza na OFAC ziko wazi mtandaoni, na ukurasa wa OFAC hukubali hata tahajia isiyo kamili. Tafuta kabla ya kusaini, kisha tena siku ya kulipa, kwa sababu orodha hubadilika bila taarifa. Chapisha ukurasa wa matokeo wenye tarehe, uubane na ankara. Ukigundua mteja yuko kwenye orodha, usimrudishie pesa haraka haraka ili kujinasua, kwani kuna wakati kurudisha nako kumekatazwa: simama, iambie benki yako, tafuta wakili. Na karatasi usizichome mwaka ukiisha. Tangu Machi 2025 OFAC inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 10, kwa hiyo benki inaweza kukuuliza mwaka 2034 kuhusu matairi uliyoyauza leo.