Notisi ya Kuhama Nyumba ya Kupanga

Notisi ya kuhama ni taarifa ya maandishi ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba, kumjuulisha kwamba upangaji wake utakoma tarehe maalumu. Uzito wote wa maana hiyo uko katika tarehe. Mpangaji aliyesema barazani kwamba "tukijaaliwa tutahama baada ya Sikukuu" ameeleza nia yake tu, kwani Sikukuu yenyewe hungoja mwezi uandame, na kodi huhesabiwa kwa siku.

Hapa Unguja na Pemba wengi huona muhali kumwandikia barua mwenye nyumba, hasa akiwa mtu mzima waliyeishi naye kwa wema, wakidhani kuwa karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Dhana hiyo naiona si sahihi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inawaamrisha waumini waandikiane deni la muda maalumu, na amri hiyo wamepewa watu wanaoaminiana. Mpangaji na atangulize mazungumzo kwa adabu, kisha aache barua.

Muda wa notisi hutazamwa katika mkataba, ambao mara nyingi hutaja mwezi mmoja, na kwa kawaida siku huanza kuhesabiwa barua inapopokelewa, si inapoandikwa. Ndiyo maana hutolewa nakala mbili, na moja humrudia mpangaji ikiwa na saini ya mpokeaji na tarehe ya kupokea. Aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo ahadhari zaidi, kwa sababu notisi iliyochelewa hadi muda wake ukavuka miezi hiyo inaweza kumletea dai la kodi ya siku asizokusudia kukaa.

Linalotatiza zaidi ni nani apewe barua. Nyumba ya urithi huwa na warithi kadhaa, pengine mmoja yuko Wete na mwengine Muscat. Hapo barua huelekezwa kwa aliyetajwa katika mkataba, au, pasipokuwa na mkataba ulioandikwa, kwa anayetia saini risiti za kodi. Nyumba ikiwa chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, barua hupelekwa ofisini na nakala ya mpangaji ikaombewa muhuri. Mwenye nyumba akikataa kupokea, mpangaji anaweza kumwendea sheha wa shehia yake na kumwomba ashuhudie, kwa jina lake na tarehe juu ya nakala, kwamba barua ililetwa siku hiyo.