Je, wajua ni kwa nini Goma kuliendelea kushika intaneti ilipozimwa Kongo nzima?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilikatwa Kongo nzima. Lubumbashi, WhatsApp kimya. Ila Goma, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, kuna watu walioendelea kutuma ujumbe: walikuwa na laini za Rwanda.

Kuzima intaneti hakuhitaji kukata waya. Serikali inaziandikia kampuni za simu, nazo zinatii kwa kuwa leseni zao hutoka kwa serikali hiyohiyo. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2002 iliipa uwezo huo kwa sababu za usalama. Lakini amri ya Kinshasa inakomea mpakani, na mawimbi ya minara ya Gisenyi, mji wa Rwanda ulio jirani na Goma, hayajui mpaka. Bukavu nako walio karibu na mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, wana bahati hiyo. Lubumbashi haiko mpakani kabisa, haina.

VPN je? Inafaa pale ambapo ni Facebook tu iliyofungwa: inapitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya nchi nyingine, kampuni isione unakokwenda. Mega zenyewe, yaani data ya intaneti, zikikatwa, haina pa kupita.

Hasara kubwa kuliko zote mimi naiona kwenye mlango wa darasa. Kura zikishahesabiwa, karatasi ya matokeo, ile PV, hubandikwa palepale kituoni, mara nyingi shuleni. Yeyote anaweza kuipiga picha. Picha zikikusanywa kutoka kila pembe, wananchi wanajumlisha wenyewe na kulinganisha na hesabu ya CENI, tume ya uchaguzi. Bila intaneti, mtu wa mtaa wa Himbi, Goma, anajua kura za shule ya kwao tu, na wa mtaa wa Majengo vilevile. Upande wa Rais Kabila ulisema unazuia matokeo ya uongo yasisambae. Lakini uvumi hauhitaji mega; unapanda pikipiki, unashukia soko la Virunga, na aliyeusikia hana pa kuuhakikisha. Hata RFI, redio ya Ufaransa, ilikatwa kwenye FM.

Tarehe 10 Januari 2019 CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa wametuma waangalizi wapatao 40,000, walisema matokeo hayo hayalingani na waliyoyakusanya. Intaneti ilirudi kama siku 20 baada ya kukatwa, wakati Mahakama ya Katiba ikithibitisha ushindi huo, na hukumu ya mahakama hiyo haikatiwi rufaa.