Hitimisho la Insha ya Kuomba Chuo Si Lazima Liwe Muhtasari
Wanafunzi wengi wa Moshi wanaoomba vyuo vya Marekani huamini kwamba hitimisho la insha lazima lirudie hoja zote, jambo linaloeleweka, kwani ndivyo walivyozoea katika insha za mtihani. Hata hivyo, fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya huko huweka kikomo cha maneno 650, na marudio huyala bure. Aliyesimulia alivyotunza daftari la mauzo ya ndizi ya mama yake sokoni Mbuyuni hahitaji kufunga kwa “nimejifunza bidii na uvumilivu”. Afadhali aeleze swali ambalo daftari lile limemwachia, kwa mfano kwa nini bei hushuka majuma fulani. Ukitaka kuhakiki, funika aya ya mwisho, mpe mwenzako asome iliyobaki, kisha umuulize anakosa nini.