Ganzi ya vidole: ni pombe, au ni kidonge?

Wagonjwa wangu wengi huvua viatu kabla sijawaambia. Wanaketi, wanainua mguu, wananionyesha vidole ambavyo kwa macho havina kasoro yoyote. "Daktari, hapa pananichoma kama sindano. Usiku ndiyo balaa." Kisha linakuja swali walilokuja nalo njia nzima: "Au ni pombe?" Vijana wanaomeza dawa za kusisimua ubongo kwa sababu ya ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kukaza akili, huuliza kuhusu kidonge. Na wapo wanaotumia vyote viwili, wanaotaka nimtaje mkosaji mmoja waende zao.

Pombe inaweza, tena huila neva yenyewe, yaani mshipa wa fahamu. Dawa za kusisimua nazo zinaweza kuleta ganzi na mchomo, ila kwa kawaida hupitia mlango mwingine: mishipa ya damu, au pumzi, huku neva ikiwa nzima. Kwa mgonjwa, maumivu ni maumivu tu. Kwangu hapo ndipo njia zinapoachana, maana neva iliyoliwa huponea kwa miezi na miaka, na mshipa wa damu uliobanwa hufunguka siku hiyo hiyo.

Kwanza, neno lenyewe. "Ganzi" tumelibebesha mizigo mingi. Mmoja akisema ganzi ana maana hasikii kitu hata akikanyaga msumari. Mwingine ana maana anasikia sindano, mwingine moto, mwingine sisimizi wanaotambaa chini ya ngozi. Neva iliyokufa hunyamaza. Neva inayougua hupiga kelele bila kuguswa. Kwa hiyo nikikuuliza mara tatu "ganzi ya namna gani?", usidhani sikukusikia.

Habari ya pombe na neva si mpya. Mwaka 1822 daktari wa Boston, James Jackson, aliandika kuhusu wanywaji wa pombe kali waliokuwa na maumivu makali ya miguu na mikono. Sababu ya ugonjwa kuanzia miguuni ni urefu. Uzi mmoja wa neva unaotoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu unakaribia mita moja, na chakula chake chote husafirishwa kutoka kwenye kiini kilicho kando ya uti wa mgongo. Maji yakipungua kwenye tangi, nyumba ya mwisho wa bomba ndiyo hukauka kwanza. Basi ganzi ya pombe huanza ncha za vidole, miguu yote miwili, ikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Ikikaribia magoti, ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza, kwa kuwa kwa urefu sasa zimelingana. Mtu akiniambia ameanza na mkono mmoja, miguu iko salama, pombe naiweka pembeni kwanza.

Pombe hufanya kazi hiyo kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni sumu ya moja kwa moja, ya pombe na ya asetaldehaidi ambayo ini huitengeneza likiivunja. Sumu hii huenda polepole, kwa miaka, na hupenda nyuzi nyembamba zinazobeba habari za joto na maumivu. Ndiyo maana mgonjwa huungua kabla hajaanza kupepesuka. Mkono wa pili ni njaa ya thiamini, yaani vitamini B1. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, ini lililochoka halihifadhi, na mnywaji mwenyewe anakula kidogo, wakati akiba ya mwilini ni ya wiki chache tu. Huyu wa thiamini ana haraka: ndani ya siku au wiki miguu inalegea, mtu anashindwa kupanda ngazi. Wengi ninaowaona wana mchanganyiko wa yote mawili, na wengine wamepungukiwa na B12 au foleti pia.

Je, glasi mbili za juzi? Hapana. Ugonjwa huu ni wa miaka ya kunywa sana. Lakini kuna ganzi ya usiku mmoja, na ina hadithi yake.

Kijana mmoja aliingia kwangu akiwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba kifaranga. Kiganja kilikuwa kimeinama. Nikamwambia, "Nyanyua kiganja kama unasimamisha gari." Hakikunyanyuka hata kidogo. Nikagusa mgongo wa mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada: hapo tu ndipo palipokuwa na ganzi. Usiku alikunywa, akalala kwenye kiti mkono ukiwa umening'inia juu ya egemeo. Mtu ambaye hajalewa angeamka au angejigeuza neva ilipoanza kulalamika. Pombe ilimnyima hilo. Neva inayozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ilibanwa saa kadhaa. Kwa bahati nzuri, katika ajali ya namna hii mara nyingi kinachoumia ni ganda la neva, uzi wa ndani unabaki, na mkono hurudi baada ya wiki kadhaa au miezi michache.

Ganzi nyingine ya pombe huja pombe inapokosekana. Kwa aliyezoea kunywa sana kila siku, kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho mwili huanza kutetemeka, jasho humtoka, na ngozi humchezea. Fomu tunayopimia ukali wa hali hiyo, iliyochapishwa mwaka 1989 na tunayoitumia mpaka leo, ina kipengele kizima cha ngozi: unawashwa, unachomwa sindano, unahisi moto, kuna wadudu wanatambaa? Huyu asijifungie chumbani "kuacha kiume". Anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa kwa namna inayoua. Aache, ndiyo, lakini mbele ya daktari.

Sasa vidonge. Amfetamini, mojawapo ya dawa hizo za kusisimua, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1887, mwaka ule ule daktari Korsakoff wa Urusi alipoandika kuhusu walevi wenye neva mbovu na kumbukumbu iliyotoweka. Nakiri hakuna uhusiano, ila nimeshindwa kuisahau. Methilifenideti, nyingine ya dawa hizo, ilifuata mwaka 1944. Zote mbili huongeza noradrenalini, kemikali ya mwili yenyewe, na noradrenalini hubana mishipa midogo ya damu. Kwenye kidole, mwisho wa njia, kubanwa kidogo tu kunatosha. Kidole hugeuka cheupe, kisha bluu, na damu ikirudi kinakuwa chekundu kikichonyota. Mfaransa Maurice Raynaud alieleza hali hiyo mwaka 1862. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake liandikwe kwenye karatasi za dawa za kusisimua zinazotumika kwa ADHD.

Mimi mwenyewe niliwahi kuliona hilo nikiwa nimechelewa. Mwanafunzi mmoja alikuja na ganzi ya vidole vya mikono. Nikampima, nikampeleka kipimo cha umeme wa neva, nikaagiza sukari, B12, tezi ya shingo. Vyote safi. Ziara ya tatu chumba kilikuwa na baridi, akaweka mikono mezani akiongea, nikaona vidole vitatu vimekuwa vyeupe kama mshumaa hadi kwenye kiungo cha pili, na mpaka wa weupe huo umenyooka kama uliokatwa kwa kisu. "Unatumia dawa gani?" Nilikwisha muuliza siku ya kwanza, akajibu hakuna. "Dawa situmii, daktari. Labda kile kidonge cha kusomea." Kwake kile hakikuwa dawa, kwa sababu yeye hakuwa mgonjwa. Daktari wake aliyekiandika alipunguza dozi, vidole vikaacha kubadilika. Tangu siku hiyo siulizi dawa, nauliza, "Asubuhi unameza nini?"

Mlango wa pumzi ni mfupi kueleza. Kidonge kinaweza kumtia mtu wasiwasi na moyo kwenda mbio, akaanza kupumua haraka bila kujua. Kaboni dayoksaidi inashuka, damu inapoteza asidi, kalsiamu iliyo huru inapungua, na neva zinakuwa na hasira. Ganzi hiyo hukaa kuzunguka midomo na ncha za vidole, na huondoka dakika chache pumzi ikitulia. Sisimizi wa kutambaa kwa mtu ambaye hayuko kwenye kuacha pombe, kwa upande mwingine, huweza kuniambia kuwa mtu amezidisha vichangamshi, hasa methamfetamini au kokeini.

Kwenye orodha ya dawa ninazozishuku kwanza nikikutana na neva za miguu zilizoharibika, methilifenideti na amfetamini kwa kipimo cha daktari hazimo. Waliomo ni wengine: dawa kadhaa za saratani, metronidazoli (dawa ya kuua vijidudu) ya muda mrefu, isoniazidi ya kifua kikuu, na metfomini ya kisukari inayopunguza B12 kidogo kidogo. Na disulfiramu, ambayo mtu hupewa ili aache pombe, inaweza yenyewe kuharibu neva! Kibaya kuliko vyote ni mtu anayejitibu ganzi kwa kumeza vitamini B6 nyingi kila siku. B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ile ile aliyokuwa anaikimbia.

Kuchanganya pombe na kidonge sikupendi, na si kwa ajili ya maadili. Pombe hupandisha kiasi cha methilifenideti kwenye damu, na ini huunganisha viwili hivyo kuwa kemikali ya tatu. Tena kidonge huficha ulevi: mtu anajiona yuko sawa, anaongeza glasi, na neva inahesabu glasi zote.

Kipimo cha umeme wa neva kina upofu ambao wagonjwa hawaambiwi: kinaona nyuzi nene tu. Zile nyembamba zinazoungua kwanza hakizioni, kwa hiyo majibu yakisema "kawaida" hayamaanishi kuwa unajidekeza. Tukizitaka hizo tunachukua kipande cha ngozi cha milimita 3, sentimita 10 juu ya kifundo cha mguu, tunahesabu nyuzi kwa darubini. Kabla ya hapo napima sukari, maana kisukari ndicho mshtakiwa wa kwanza duniani, hata kwa mnywaji.

Usisubiri miadi ikiwa ganzi imekuja ghafla upande mmoja wa mwili, au udhaifu unapanda kutoka miguuni ndani ya siku chache, au umepata ganzi ya sehemu za siri na mkojo hautoki.

Kupona? Neva huota kama milimita 1 kwa siku, ikiachiwa nafasi. Kutoka gotini hadi kidoleni ni zaidi ya mwaka, na si zote zinazofika.

Mzee mmoja aliyekuwa hawezi kuvumilia hata shuka miguuni aliacha pombe, tukampa thiamini na dawa ya kutuliza neva. Siku ya kwanza niliweka uma wa chuma unaotetema mara 128 kwa sekunde juu ya kidole gumba chake. Hakusikia. Nikausogeza kifundoni, akasikia kidogo. Aliporudi baada ya miezi 14 aliuomba uma mwenyewe, akaugonga, akauweka kidoleni huku amefumba macho. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne." Akafumbua macho. "Hapo imeisha, daktari?" Nikauweka kwenye kidole changu. Kwangu ulikuwa bado unatetema.