Chuo Kidogo Nje ya Kampala: Yasemwayo na Yalivyo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kila familia yenye mtoto aliyefaulu huwa na kikao. Ikitajwa Makerere, wote wanaitikia. Kikitajwa chuo cha Nkozi, Ndejje, Nkumba au Bugema, mjomba mmoja anatikisa kichwa, na mara nyingi neno lake ndilo linalopita. Inaniuma mtoto anapopangiwa miaka mitatu ya maisha yake kwa maneno ambayo hakuna aliyejisumbua kuyachunguza.

"Shahada ya chuo kidogo haina uzito." Hili ndilo linaloharibu zaidi. Vyuo vikuu vyetu, vya serikali na vya binafsi, viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Chuo cha binafsi huanza na leseni ya muda, na kikitimiza masharti hupewa hati ya kudumu inayotolewa na Rais. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, kilichoanza Nkozi mwaka 1993 umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Kampala, kinayo. Ndejje nacho kinayo.

Wazazi wengi wakisikia hivyo wanatulia, na hapo ndipo wanapoteleza. Hati ni ya chuo. Kozi nayo ina ithibati yake, tena ya muda maalumu, ambayo lazima ihuishwe. Mwaka 2023 nchi nzima ilishtuka baada ya orodha ya NCHE kuonyesha kozi nyingi ambazo muda wake ulikuwa umepita, na Makerere yenyewe, iliyoanza 1922, ilikuwamo. Baraza likatoka kueleza tofauti ya kozi iliyofutwa na ile iliyo kwenye mapitio. Kwa hiyo ukubwa wa jina haukumkinga mtu. Ingia kwenye tovuti ya Baraza, tafuta jina kamili la kozi kama lilivyoandikwa kwenye barua ya udahili, uangalie hali yake. Jina likipishana hata kidogo, uliza kwa maandishi.

Kwa sheria, uuguzi, udaktari na uhandisi kuna mlango wa pili, yaani baraza la taaluma yenyewe. Kijana anayesoma sheria hapa nchini, awe Makerere au UCU (Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda) kule Mukono, akitaka kuwa wakili atapitia LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili. Pale wanakutana wote, na swali linakuwa kama chuo alikotoka kilikuwa na kibali cha Baraza la Sheria.

"Madarasa ni madogo, kwa hiyo kila mwalimu atamjua mwanangu." Dhana hii inawapendelea wadogo, nayo ina kasoro yake. Darasa la watu ishirini ni neema kama mhadhiri yupo. Tatizo letu la siku nyingi ni wahadhiri wa muda, wanaofundisha asubuhi chuo hiki na jioni kingine. Mwalimu wa hivyo anaweza kuwa hodari sana darasani, ila ukimtafuta akusomee rasimu ya utafiti wa mwaka wa mwisho, yuko kwenye taksi.

Nenda chuoni siku ya kazi katikati ya muhula, usingoje siku ya maonyesho. Simama kwenye ubao wa matangazo wa kitivo usome ratiba. Jina moja likirudi kwenye masomo manne au matano ya kozi ileile, jua idara ina watu wachache. Uliza ofisi ya mtu huyo iko wapi na anapatikana siku gani. Kisha mwulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu mambo mawili: alama za kozi-weki, yaani kazi na majaribio ya ndani ya muhula, hurudi baada ya muda gani, na je, kuna somo la kuchagua ambalo halikufunguliwa kwa sababu waliojiandikisha ni wachache? Hilo la pili ndilo gharama ya kweli ya chuo kidogo. Unaweza kuvutiwa na kozi kwa ajili ya masomo yaliyo kwenye kipeperushi, halafu nusu yake usiyaone.

"Kule hakuna maisha." Anayesema hivi anafikiria mabweni ya Makerere kama Lumumba na Mary Stuart, na chapati za rolex, zilizoviringwa na mayai, za mtaa jirani wa Wandegeya usiku. Ni kweli, purukushani ile huipati Nkozi. Lakini Ndejje imejijengea jina kubwa katika michezo ya vyuo vikuu, na mpira wa kikapu wa UCU Mukono unajulikana nchi nzima. Kwenye chuo kidogo kijana wa kawaida hupata nafasi ya kucheza, kuimba, kugombea uongozi, mambo ambayo penye umati wa maelfu angeyatazama tu.

La kupima kwa makini ni mwanzilishi wa chuo. Bugema ni ya Waadventista: tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jioni, Sabato inaheshimiwa. UCU, iliyozaliwa 1997 kutoka chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, ina masomo ya Biblia hata kwa mwanafunzi wa biashara. IUIU, chuo kikuu cha Kiislamu kule Mbale, ina maadili ya Kiislamu katika mavazi na maisha ya bweni. Wapo wanaostawi humo, wapo wanaosongeka. Mtoto asome kanuni hizo mwenyewe kabla ya kusaini.

"Nje ya jiji hawapotei." Mukono kuna baa na vibanda vya kubashiri mechi kama Kikoni, mtaa wa wanafunzi pembeni ya Makerere. Umbali haulei mtu.

"Atalala nyumbani Kampala, asafiri kila siku." Mukono ni kilomita 20 na ushei, lakini kuna Kireka, Bweyogerere na Seeta njiani, na foleni ya barabara ya Jinja haijali mtihani wa saa mbili asubuhi.

"Mkopo wa serikali ni wa vyuo vya serikali." Bodi ya mikopo iliyoundwa mwaka 2014 hukopesha pia walio kwenye vyuo vya binafsi vinavyotambuliwa, kwa kozi zilizo kwenye orodha yake. Hulipia karo, ada za lazima za chuo na za utafiti. Chakula na kitanda vinabaki kwa familia, basi ulizeni bei ya chumba na ya sahani ya posho (ugali) na maharage palepale chuoni kabla hamjajaza fomu.