Je, wajua kwa nini kusasisha Linux kunaweza kukifanya kifaa cha kuchunguza ajali ya seva kishindwe kusoma?

Fundi kijana anayetunza seva ya kampuni moja ya utalii huku Njiro, Arusha, alinipigia simu: "Kaka, seva imeanguka usiku, faili la ajali lipo, lakini programu ya crash inakataa kulifungua. Mbona juzi ilikuwa inasoma?" Nilipomdadisi nikagundua kwamba kati ya juzi na jana kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha kila kitu, ilikuwa imesasishwa, lakini crash, kifaa cha kusoma faili hilo, ikabaki ya zamani.

Kerneli ikikutana na kosa isiloweza kulivuka, hujisimamisha. Kama kdump, huduma ya Linux ya kuokoa yaliyomo kwenye RAM ajali inapotokea, imewashwa, kerneli ya pili iliyotengewa kipande chake cha RAM tangu mwanzo huamka papo hapo na kuikuta RAM ya kerneli ya kwanza kama ilivyoachwa. Inainakili kwenye diski, kisha seva inajiwasha upya. (Umeme ukikatika ni habari nyingine: RAM inafutika na hakuna cha kuchunguza, jambo ambalo mafundi wengi wa hapa hulijua kwa uchungu.)

Nakala hiyo ni baiti tupu. Haina vichwa vya habari wala alama ya kusema "hapa ndipo orodha ya programu zilizokuwa zikiendeshwa". Programu ya kuisoma inategemea ramani: muundo fulani una ukubwa gani, na sehemu fulani iko baiti ya ngapi kutoka mwanzo wake. Ni kama kumwelekeza mgeni soko la Kilombero kwa kusema "meza ya nne kutoka langoni, utamkuta mama wa viungo". Wafanyabiashara wakipangwa upya, mgeni hatakosa meza ya nne. Ataikuta, ila atauziwa ndizi.

Na kwenye kerneli meza hupangwa upya mara kwa mara, kwa sababu toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Watengenezaji wake wanalinda sana programu za kawaida zisivunjike, lakini miundo ya ndani hawajamwahidi mtu. Toleo la 5.14, kwa mfano, lilibadilisha jina la sehemu inayoonyesha hali ya kila kazi, kutoka state kuwa __state, na aina yake pia, hivyo crash za zamani zikakwama hapo. Toleo la 6.1 likaondoa namna ya zamani ya kupanga maeneo ya kumbukumbu ya kila programu, likaweka mti wa aina nyingine kabisa.

Kwa hiyo kerneli yenyewe hubeba ramani fupi iitwayo VMCOREINFO, yenye mistari kama SIZE(page)=64, nayo huhifadhiwa pamoja na nakala ya ajali. Programu inayoisoma haihitaji kukisia. Lakini ramani inasema kitu kiko wapi, haisemi kinatumikaje. Toleo la 5.10 lilipobadilisha namna kerneli inavyohifadhi ujumbe wake wa logi, kujua anwani mpya hakukutosha. Ilibidi waandishi wa vifaa vya kuisoma nakala waandike msimbo mpya wa kuusoma mpangilio huo.

Kwangu mimi, crash iliyogoma ni bahati. Faili bado lipo. Unaweka crash mpya na faili la vmlinux lenye taarifa za utatuzi, la kerneli ile ile iliyoanguka, unaendelea. Kinachonitia hofu ni makedumpfile, programu inayoiandika nakala hiyo diskini, inayofanya kazi kabla yake. RAM hugawanywa katika vipande viitwavyo kurasa; seva yenye RAM ya GB 64 ina kurasa zaidi ya milioni 16 za baiti 4,096, na kuziandika zote diskini ni mzigo. Basi makedumpfile hukagua alama za kila ukurasa na kutupa zisizohitajika: zilizojaa sifuri, zilizo huru, kashe na data za programu za watumiaji. Ikisoma alama hizo kwa kanuni zilizopitwa na wakati, inaweza kutupa kurasa zenye jibu. Seva ikishajiwasha upya, zilizotupwa hazirudi tena.

Ndiyo maana nilimwambia fundi yule asasishe makedumpfile na crash kila anaposasisha kerneli, kisha aiangushe seva mwenyewe. Mtumiaji mkuu akiandika echo c > /proc/sysrq-trigger, kerneli huanguka makusudi. Afanye hivyo Aprili au Mei, wageni wakiwa wachache na hakuna anayehangaika na uhifadhi wa safari, tena baada ya kuhakikisha data ina nakala mahali pengine. Halafu alifungue faili la /var/crash kwa crash, aandike ps, kisha log. Orodha ya kazi ikitoka na majina anayoyafahamu, na mwishoni mwa logi pakionekana ile ajali aliyoisababisha mwenyewe, vifaa vinaelewana na kerneli hiyo. Akipata namba za ajabu au mstari wa onyo kwamba toleo la kerneli halitambuliwi, asiirudishe seva kazini kwanza.