Jua la Zia: bendera ya New Mexico na mtungi ilikotoka

Bendera ya jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuichora bila kuangalizia. Kitambaa ni cha njano. Katikati pana duara jekundu ambalo ndani yake ni njano vilevile, na kutoka kwenye duara hilo inachomoza mistari pande nne: juu, chini, kulia na kushoto. Kila upande una mistari minne, na ile miwili ya katikati ni mirefu kuliko ya pembeni. Haina maandishi, haina nembo ya serikali, haina mwaka. Mwaka 2001 chama cha wachunguzi wa bendera cha Amerika Kaskazini kilipopigisha kura kuhusu bendera 72 za Marekani na Kanada, hii ndiyo iliyoongoza.

Sifa hiyo inaistahili. Lakini sisi wa makumbusho tunapofundisha alama za jimbo hili, hatuanzi na bendera. Tunaanza na mtungi.

Ulikuwa mtungi wa maji, uliofinyangwa karne ya 19 huko Zia, kijiji cha wenyeji wa asili kilichopo kaskazini-magharibi ya mji wa Albuquerque. Wafinyanzi wa Zia husaga jiwe jeusi la volkano na kulichanganya na udongo ili chombo kisipasuke motoni. Brashi ya kuchorea, kwa desturi ya vijiji vya eneo hilo, ni jani la yuka, mmea wa nyikani, lililotafunwa ncha mpaka nyuzi zikaachana. (Ua la yuka nalo ni ua rasmi la jimbo tangu 1927.) Kwa mkono wa namna hiyo ndivyo jua lile lilivyochorwa kwanza. Jina la mfinyanzi halikuandikwa popote. Katika kazi yetu hilo tunakutana nalo kila siku: lebo inamtaja aliyekikusanya chombo, aliyekifinyanga hatajwi.

New Mexico iliingia katika muungano wa Marekani tarehe 6 Januari 1912, ikiwa jimbo la 47. Bendera yake ya kwanza, ya 1915, ilirundikiwa kila kitu: bendera ya Marekani kwenye kona, namba 47, jina la jimbo na muhuri wake. Miaka michache baadaye yakaitishwa mashindano ya kutafuta nyingine. Aliyeshinda ni Harry Mera, daktari wa Santa Fe aliyekuwa pia mtafiti wa mambo ya kale. Mera alikuwa ameuona mtungi wa Zia katika makumbusho ya mji huo, akalichukua lile jua, na mkewe Reba akaishona bendera. Mwaka 1925 ikawa rasmi.

Kwa watu wa Zia, alama hii haikuwa pambo. Nne ni hesabu takatifu kwao: pande nne za dunia, majira manne ya mwaka, nyakati nne za siku, yaani macheo, adhuhuri, machweo na usiku, na hatua nne za maisha ya binadamu. Duara linavifunga vyote pamoja, kwa kuwa havina mwanzo wala mwisho. Ni alama ya ibada. Mera aliikuta nyuma ya kioo cha makumbusho, na kijiji hakikuombwa ruhusa.

Rangi nazo zina habari yake. Nyekundu na njano ni rangi za Hispania ya kale, ambayo walowezi wake walifika mwaka 1598 wakiongozwa na Juan de Oñate. Mwaka 1680 vijiji vya wenyeji, kwa uongozi wa Po'pay, viliinuka kwa pamoja na kuwafukuza. Wakimbiaji walisambaza kamba zenye mafundo, na kila siku fundo moja likifunguliwa, mpaka siku iliyopangwa ikawadia. Wahispania walipopigana kurudi, Zia ilishambuliwa na kuchomwa moto mwaka 1689, na mamia ya watu wakauawa. Kwa hiyo bendera hii imeliweka jua la Zia ndani ya rangi za waliowahi kuichoma Zia. Simulizi za kitalii zinalipita jambo hili haraka mno, na sioni kwa nini tuwafiche wanafunzi.

Shuleni watoto hufundishwa kiapo cha kuisalimu bendera, kinachoitaja alama ya Zia kuwa ni ya urafiki mkamilifu kati ya tamaduni zilizoungana. Ni maneno mazuri. Hata hivyo, kwa miaka 23 tangu jua hilo lianze kupepea, wenyeji wa asili wa New Mexico walizuiwa kupiga kura, kwa kifungu cha katiba ya jimbo kilichowatenga wenyeji wasiotozwa kodi. Kifungu hicho kilianguka mahakamani mwaka 1948, kwa kesi ya Miguel Trujillo wa kijiji cha Isleta, mwalimu aliyekuwa askari wa Marekani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia.

Leo jua hilo liko kwenye namba za magari, na jengo la bunge la jimbo huko Santa Fe, lililozinduliwa 1966, ni la mviringo lenye milango minne: ukilitazama kutoka angani unaiona alama yenyewe. Katika miaka ya 1990 Zia walidai fidia kwa serikali, dola milioni moja kwa kila mwaka wa matumizi. Hawakulipwa. Ila mazoea yameanza kubadilika. Shirika la ndege la Southwest lilipotaka kuipaka bendera hii kwenye ndege mwaka 2000, lilikwenda kwanza kijijini kuomba. Jiji la Madison, mbali kaskazini huko Wisconsin, lilikuwa limeweka jua la Zia kwenye bendera yake tangu 1962. Mwaka 2018 likaliondoa. Na mfanyabiashara anayetaka kuitumia alama hiyo anaweza kuwaandikia viongozi wa Zia, akaeleza anaitaka kwa kazi gani, akasubiri wamjibu.